Mwanafunzi wa Jumuiya asitozwe ada ya mgeni

Chukua karatasi ya ada ya chuo kikuu cha umma hapa Afrika Mashariki uisome taratibu. Mara nyingi utakuta safu mbili. Ya kwanza ni ya raia, imeandikwa kwa shilingi au faranga. Ya pili ni ya wasio raia, imeandikwa kwa dola. Kozi ni ileile, mhadhiri ni yuleyule, maabara ni hiyohiyo, na siku ya mahafali cheti hakisemi mwenye nacho alilipia safu ipi. Tanzania, anayesoma shahada ya kwanza katika chuo cha umma hulipa, kwa fani nyingi, ada ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka. Aliye kwenye safu ya dola, ukibadilisha hela zake, mara nyingi utakuta analipa maradufu ya hapo au zaidi.

Sasa Mkenya, Mganda, Mrundi, Mnyarwanda au Mkongo akija kusoma kwa jirani yake, awekwe safu ipi? Kwa sasa jibu linategemea chuo alichoangukia. Vipo vyuo katika ukanda huu vilivyoamua kumhesabu mwanajumuiya, yaani raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama mwenyeji, na vinastahili pongezi. Vipo vingine vinavyomtoza dola sawasawa na mtu aliyetoka bara la mbali. Msimamo wangu ni kwamba awekwe safu ya kwanza, tena kwa sheria, isiwe hisani ya baraza la chuo inayoweza kufutwa mwaka wa fedha ukiwa mbaya.

Wanaoitetea safu ya pili wana hoja inayosikika vizuri. Mwananchi amekwishachangia chuo kupitia kodi, mgeni hajachangia kitu, basi mgeni alipe gharama halisi. Ningekubaliana nao kama ada ya mgeni ingekuwa inapatikana kwa kupiga hesabu ya gharama. Lakini ukifuatilia historia yake, hasa Uingereza ambako vyuo vyetu viliiga mengi, utaona mambo yanakwenda kinyume. Siasa huamua kwanza nani ni mwenyeji, kisha mahesabu hutafutwa ya kuhalalisha uamuzi huo.

Hadi katikati ya miaka ya 1960, kijana wa Nairobi au Dar es Salaam aliyepata nafasi katika chuo cha Uingereza alilipa ada sawa na kijana wa Manchester. Mwishoni mwa 1966 serikali ya chama cha Labour, Anthony Crosland akiwa waziri wa elimu, ikatangaza kwamba kuanzia 1967 wanafunzi wa kutoka nje watalipa pauni 250 kwa mwaka, wakati ada ya mwenyeji ilikuwa wastani wa pauni 70. Hakuna aliyekuwa amegundua kwamba Mwafrika au Mhindi hugharimu mara tatu kumfundisha. Serikali ilikuwa na ukata, pauni ilikuwa inayumba, na wanafunzi wa nje hawakuwa na mbunge wa kuwasemea.

Tuangalie na wakati wenyewe. Hadi 1963, wahitimu wa Makerere walikuwa wakitunukiwa digrii za Chuo Kikuu cha London. Chuo cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 na kitivo cha sheria pekee katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, nacho kilianza chini ya mwavuli wa London. Yaani watu ambao jana digrii yao ilikuwa ya London, leo walikuwa wageni wakitaka kuisomea hukohuko London. Katika ufundishaji hakukuwa kumebadilika kitu. Kilichobadilika ni mipaka ya himaya.

Mwaka 1979 serikali ya Margaret Thatcher ilifuta ruzuku yote kwa wanafunzi wa nje, na kuanzia 1980 viwango vya chini vikawa pauni 2,000 kwa masomo ya sanaa, 3,000 kwa sayansi na 5,000 kwa udaktari. Idadi ya wanafunzi kutoka nje ikaporomoka. Malaysia, iliyokuwa na maelfu ya vijana wake huko, ilikasirika kiasi kwamba ada hiyo ikawa mojawapo ya sababu za Waziri Mkuu Mahathir Mohamad kuelekeza mwaka 1981 kwamba bidhaa za Uingereza zinunuliwe mwisho kabisa, pale tu inaposhindikana kupata kwingine. London ilibidi ijirudi. Mwaka 1983 ikatenga fedha za ufadhili kwa wanafunzi wa nje, na ndio mwaka ambao ufadhili unaojulikana leo kama Chevening ulianza. Vijana wetu wengi wanaupigania kila mwaka bila kujua kwamba ulizaliwa katika kipindi cha kutibu majeraha ya ada.

Hata hivyo yaliyofuata ndiyo yanayonigusa zaidi. Neno la serikali mwaka 1980 lilikuwa "gharama halisi", na vyuo havikuchukua muda kugundua kwamba juu ya gharama halisi hakuna dari. Kwa mwenyeji wa England dari ipo na kila mara imewekwa na Bunge. Ilikuwa pauni 1,000 mwaka 1998, ikawa 3,000 mwaka 2006, ikapanda hadi 9,000 mwaka 2012 baada ya kura iliyoitikisa serikali, ikafika 9,250 mwaka 2017 na kukaa hapohapo hadi 2025 ilipoongezwa kidogo kufikia 9,535. Miaka yote hiyo minane bei za vitu zilikuwa zinapanda, mishahara ya wahadhiri inadaiwa, mabweni yanachakaa. Nani aliziba pengo? Mgeni. Katika chuo kama Oxford, mwanafunzi wa nje hulipa zaidi ya pauni 35,000 kwa mwaka kwa kozi ambayo mwenyeji analipia pungufu ya 10,000. Fedha hizo haziishii kwenye masomo yake. Zinafidia hasara ya kumfundisha mwenyeji na zinabeba sehemu ya gharama za utafiti.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Uingereza imeifanya methali hiyo kuwa sera ya fedha. Na hapo hoja ya mlipakodi inageuka juu chini, maana kwa hesabu za vyuo vyenyewe mgeni amekuwa akimbeba mwenyeji.

Mfumo wa namna hii hauna uimara. Juni 2023 Nigeria iliachia naira ijitafutie bei sokoni, ikaanguka, na familia zilizokwisha kulipa mwaka wa kwanza zikashindwa kumalizia. Januari 2024 Uingereza ikazuia wanafunzi wengi wa kigeni, isipokuwa wa utafiti, kwenda na wenza na watoto wao. Waombaji wakapungua, na vyuo vilivyokuwa vimepanga bajeti kwa matumaini ya watu hao vikajikuta pabaya. Chuo Kikuu cha Dundee huko Scotland kilikuwa na nakisi ya pauni milioni 35, na Machi 2025 kikatangaza mpango wa kupunguza zaidi ya nafasi 600 za kazi. Kupungua kwa wanafunzi wa kigeni hakukuwa sababu pekee, uongozi nao ulilaumiwa vikali, ila kulikuwa sehemu kubwa ya msiba. Na badala ya kujifunza, serikali imeamua kuanzia 2028 kutoza vyuo vya England pauni 925 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa kigeni anayezidi kiwango cha msamaha. Mgeni anakamuliwa mara ya pili.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu mfano huu unatamaniwa hapa kwetu. Soma mipango mkakati ya vyuo vyetu uone jinsi "kuongeza wanafunzi wa kimataifa" kunavyowekwa chini ya kichwa cha vyanzo vya mapato. Sina ugomvi na chuo kumtoza mtoto wa tajiri wa mbali kadiri soko linavyoruhusu. Ugomvi wangu unaanza pale jirani anapotiwa kwenye hesabu hiyohiyo.

Ulaya waligombana kuhusu jambo hili mahakamani, na kesi yenyewe inafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki. Mwaka 1982 binti wa Kifaransa, Françoise Gravier, alikwenda Liège, Ubelgiji, kusomea sanaa ya hadithi za katuni katika chuo cha sanaa cha mji huo. Akadaiwa faranga 24,622 za Ubelgiji, ada iliyokuwa inatozwa wanafunzi wa kigeni peke yao. Wabelgiji hawakudaiwa hata senti. Gravier akaomba asamehewe, akakataliwa, hakulipa, na usajili wake ukakwama. Akaenda mahakamani, na suala likapelekwa Mahakama ya Haki ya Ulaya huko Luxembourg.

Mkataba wa Jumuiya ya Ulaya wakati huo haukuwa na kifungu kinachosema wanafunzi wote walipe ada sawa. Ulikuwa na kifungu cha jumla kinachokataza ubaguzi kwa misingi ya uraia, na vifungu vinavyogusa mafunzo ya kazi. Tarehe 13 Februari 1985 majaji wakaviunganisha. Walisema kusomea fani ni njia ya mtu kwenda kufanya kazi katika nchi nyingine ya Jumuiya, hivyo kumtoza raia wa nchi mwanachama ada ambayo mwenyeji hatozwi ni ubaguzi uliokatazwa. Mwaka 1988 kesi nyingine ikathibitisha kwamba masomo ya chuo kikuu kwa ujumla yanaingia humo. Miaka zaidi ya thelathini ya wanafunzi wa Ulaya kulipa ada za wenyeji katika nchi za jirani iliegemea hukumu iliyoanzia kwa msichana aliyetaka kuchora katuni.

Jinsi uenyeji huo ulivyo suala la maamuzi ya watu ilionekana wazi zaidi Scotland. Mwanafunzi wa Scotland halipi ada kwao, serikali yake humlipia. Kwa kuwa sheria ya Ulaya ilikataza kuwabagua raia wa nchi nyingine wanachama, Mpolandi na Mjerumani nao walisoma Edinburgh bure. Lakini sheria hiyo haikuhusu ubaguzi ndani ya nchi moja, kwa hiyo Mwingereza wa Newcastle, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa treni, mwenye pasipoti ileile ya Waskoti, alitozwa hadi pauni 9,250. Kisha ikaja Brexit, Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Kuanzia muhula wa vuli 2021 wanafunzi wapya kutoka Ulaya wakahamishiwa safu ya wageni kote Uingereza, na katika mwaka mmoja tu idadi ya wanaoanza masomo kutoka Umoja wa Ulaya ikapungua kwa zaidi ya nusu. Gharama ya kumfundisha Mfaransa fizikia haikupanda usiku huo.

Turudi nyumbani. Mwaka 1997, huko Blantyre, nchi za SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, zilisaini itifaki ya elimu na mafunzo iliyoanza kutumika 2000. Kifungu chake cha 7 kimenyooka. Kinataka nchi zitenge angalau asilimia 5 ya nafasi za vyuo kwa wanafunzi wa nchi nyingine za SADC, na kwamba ndani ya miaka kumi wanafunzi hao wahesabiwe kama wenyeji katika ada na malazi. Afrika Kusini, vyuo kama cha Cape Town huwatoza wanafunzi wa SADC ada ya masomo ya wenyeji pamoja na tozo ya ziada. Utekelezaji kwingine umesuasua, lakini maandishi yapo.

Tanzania ni mwanachama wa SADC. Kenya siyo. Kwa hiyo Mzambia akija kusoma Tanzania ana kifungu cha kuonyesha kidole kinachosema yeye ni mwenyeji kwa ada. Mkenya, ambaye Tanzania imeunda naye forodha ya pamoja na soko la pamoja, hana kifungu cha wazi namna hiyo. Ana nini? Ana Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ambayo imeweka kama msingi wake kutowabagua raia wa nchi wanachama kwa sababu ya uraia, na ambayo inawataja wanafunzi miongoni mwa watu wenye haki ya kuvuka mipaka. Ana pia tamko la wakuu wa nchi walipokutana Dar es Salaam Mei 2017, la kuifanya Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Baraza la vyuo vikuu la Jumuiya, lenye makao yake Kampala, limefanya kazi kubwa ya kulinganisha viwango vya sifa na ubora wa programu. Mazungumzo ya kulinganisha ada yamekuwepo kwa miaka mingi. Karatasi yenye safu mbili bado ipo.

Nenda Taveta uone upungufu huu ulivyo kwa mtu wa kawaida. Kutoka Taveta hadi Moshi ni kama kilomita 40, unavuka Holili unafika kabla jua halijapanda. Nairobi ni safari ya siku. Soko la Taveta linaendeshwa na akina mama wa pande zote mbili. Ndizi, vitunguu na mahindi vinavuka mpaka, na mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki wenye thamani isiyozidi dola 2,000 unapita kwa cheti rahisi cha uasili bila kutozwa ushuru wa forodha. Ofisa anagonga muhuri kuthibitisha kwamba ndizi hii ni ya Jumuiya, isihesabiwe kama ya kigeni. Mama huyohuyo wa Taveta akiwa na binti aliyefaulu, Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kuna chuo cha udaktari, kuna ndugu wa kumpa binti chumba. Hiyo ndiyo elimu ya juu iliyo karibu naye zaidi. Binti huyo akikuta karatasi inayomweka safu ya dola, basi Jumuiya itakuwa imemaliza kujadiliana kuhusu uraia wa ndizi kabla ya kujadiliana kuhusu uraia wa mtoto.

Ziko familia za namna hii kwenye kila mpaka: Wakurya wa Isebania na Sirari, watu wa Mutukula, wa Busia, wa Rusumo, wa Goma na Gisenyi ambako kuvuka mpaka ni kama kuvuka mtaa. Kwa Mrundi na Msudani Kusini ada ya dola ina uchungu wa ziada. Sarafu zao zimedhoofika vibaya, na bei ya dola ya benki si ile ambayo mzazi anaipata mitaani. Kijana anaanza mwaka wa kwanza kwa ada ambayo familia imeipigia hesabu, anafika mwaka wa tatu ada haijapanda hata dola moja lakini nyumbani imekuwa karibu mara mbili. Ni yaleyale ya naira, yanawakuta watu walio ndani ya Jumuiya yao wenyewe.

Sasa nirudi kwenye hoja ya kodi, kwa sababu ni ya kweli kiasi na haifai kupuuzwa. Mishahara ya wahadhiri wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inatoka Hazina, na Hazina inajazwa na Watanzania. Mama wa Taveta hailipi kodi hiyo. Kwa nini mkulima wa Mbozi amsomeshee binti wa Taveta?

Jibu la kwanza ni kwamba mpango huu ni wa pande zote. Binti wa Mbozi naye atapata haki ileile Eldoret, Kampala na Butare. Ukitazama mwaka mmoja na chuo kimoja utaona hasara, na hata wafanyabiashara hawapimi soko la pamoja kwa namna hiyo. La pili, ada sawa haina maana ya kila kitu sawa. Mahakama ya Ulaya iliyompa ushindi Gravier iliamua mwaka 1988 kwamba posho za kujikimu ni suala jingine, nchi haikulazimika kumpa jirani. Nasi tufanye hivyo. Mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya Tanzania, na posho tunayoiita bumu vibaki kwa Mtanzania, mikopo ya HELB, bodi ya Kenya, ibaki kwa Mkenya. Ninachodai ni bei ya darasa tu.

La tatu ni kwamba sisi wenyewe tumekwisha kuonyesha kwamba bei ya darasa haina uhusiano wa lazima na kodi. Makerere ilianza kuchukua wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata mwaka 1998 na mpango wa sambamba, ule ambao kila Mkenya anaujua kama paraleli. Ndani ya ukumbi mmoja walikaa Wakenya wawili, mmoja ada yake ya masomo ni shilingi 16,000 kwa mwaka na mwingine analipa zaidi ya 100,000, na wazazi wa wote wawili ni walipakodi wa nchi hiyohiyo. Wa pili mara nyingi alikuwa amekosa pointi chache tu. Vyuo vikanogewa na fedha za paraleli hadi mwaka 2016, udhibiti wa mitihani ulipokazwa na waliofikisha C+, alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, wakapungua ghafla, wakakosekana wa kujilipia, na madeni ya vyuo yakajitokeza hadharani. Kenya imehangaika kutafuta mfumo mwingine tangu wakati huo. Ule wa 2023 ulibatilishwa na Mahakama Kuu Desemba 2024 na mvutano ukaendelea kwenye rufaa. Chuo kilichozoea kuishi kwa bei mbili, ziwe kati ya raia na raia au kati ya raia na jirani, huacha kudai ruzuku inayokistahili serikalini, na siku fedha ya bei ya juu ikikauka hakina pa kushika.

Ipo hofu nyingine iliyo nzito zaidi kuliko ya kodi, nayo ni ya nafasi. Tukifungua milango, je, vijana wa nchi moja hawatajaza vyuo vya nchi nyingine, hasa kwenye udaktari ambako nafasi ni chache? Hofu hii nina heshima nayo kwa sababu imetokea. Baada ya hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya mwaka 2005 dhidi ya Austria, Wajerumani waliokosa nafasi za udaktari kwao walimiminika Vienna, Graz na Innsbruck. Lugha ni moja, mpaka uko wazi, ada ni ileile. Austria haikukimbilia kupandisha ada kwa Wajerumani. Mwaka 2006 iliweka mgao: asilimia 75 ya nafasi za udaktari kwa waliomaliza sekondari Austria, asilimia 20 kwa Umoja wa Ulaya, asilimia 5 kwa wengine. Ubelgiji nayo mwaka huohuo iliweka kikomo cha asilimia 30 kwa wasio wakazi katika fani chache zilizofurika Wafaransa, zikiwemo za mifugo na tiba ya viungo. Zote mbili zilihojiwa na wakubwa wa Ulaya, zikatakiwa kuthibitisha kwamba afya ya wananchi ingeathirika kweli bila mgao huo.

Nauona huo kuwa utaratibu wa haki. Muhimbili au Mulago wakihofia kufurika, watenge nafasi, waeleze sababu, na watakaoingia walipe sawa. Mgao unachuja kwa alama. Safu ya dola inachuja kwa mfuko wa baba, na katika fani ya udaktari mchujo huo haujawahi kumpa mgonjwa daktari bora. Kwa fani nyingine nyingi vyuo vyetu viko mbali sana na kufurika. Wanafunzi wa kigeni katika vyuo vya umma vya Tanzania ni wachache mno ukilinganisha na jumla ya wanafunzi, kwa hiyo mapato yatakayopotea kwa kumwondoa mwanajumuiya kwenye safu ya dola hayawezi kuangusha chuo. Na nina imani kwamba sehemu ya uchache huo inasababishwa na safu yenyewe, kwa sababu familia ya Kisumu ikipiga hesabu na kuona dola, inafunga karatasi.

Wala hili si jambo geni tunalolibuni leo. Kati ya 1963 na 1970 palikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Nchi tatu zilikichangia na kugawana fani. Mtaka udaktari au kilimo alikwenda Makerere, mtaka uhandisi au tiba ya mifugo Nairobi, mtaka sheria Dar es Salaam. Hata kabla yake, Mwai Kibaki na Benjamin Mkapa walisoma Makerere. Yoweri Museveni alisoma Dar es Salaam, na Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alipata shahada yake ya sheria hapohapo Mlimani. Vijana wa leo wanaokaa kwenye vimbweta vya Mlimani wana bahati ndogo ya kukaa na mwenzao wa Gulu au Machakos kuliko waliyokuwa nayo babu zao, na hilo limetokea katika zama ambazo nchi wanachama zimeongezeka kutoka tatu hadi nane.

Mawaziri wanaweza kulimaliza jambo hili kwa kifungu kimoja. Baraza la Mawaziri la Jumuiya linaweza kuchukua maneno ya SADC kama yalivyo, kuweka tarehe ya mwisho, na kuruhusu mgao kwa fani zenye uhaba. Bunge la Afrika Mashariki linaweza kuliandika kama muswada. Lakini Ulaya haikusubiri mawaziri, ilisubiri mwanafunzi mmoja, na sisi tunayo mahakama yetu Arusha. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya kinamruhusu mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama kuipeleka Mahakama ya Afrika Mashariki sheria, agizo au uamuzi wa nchi anaoona unakiuka Mkataba, na hahitaji kumaliza kwanza ngazi za mahakama za nchi yake. Sharti gumu ni muda. Shauri lazima lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu uamuzi ulipotolewa au tangu mlalamikaji alipoufahamu, na Mahakama imekuwa kali sana kwenye hesabu hiyo. Barua za udahili hutoka kabla ya muhula kuanza, zikiwa na ada iliyoandikwa na tarehe juu yake. Vyama vya mawakili vya nchi zetu na vitivo vya sheria vyenye kliniki za msaada wa kisheria vina nafasi ya kumtafuta sasa mwanafunzi aliye tayari, ili barua yake ikitoka karatasi za kesi ziwe zimekwisha kuandaliwa.